Je, Kompyuta Zilizomo Stoo Zimekufa Kweli?

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme machache juu ya jambo ambalo kila mwanafunzi wa shule hii huliona, wala hakuna aliandikaye.

Kila apitaye nyuma ya chumba cha kompyuta huiona stoo ile ndogo yenye mlango wa bati. Mwanzoni mwa mwaka huu zilikuwamo kompyuta 11, nyingine juu ya meza mbovu na nyingine sakafuni, kila moja imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: IMEKUFA. Chumbani zilibaki 13 zifanyazo kazi. Wanafunzi wa Kidato cha Pili A ni 46. Msomaji apige hesabu mwenyewe, aone ni wangapi wakaao mbele ya kioo kimoja, na ni yupi kati yao ashikaye kipanya, na ni yupi arudiye bwenini kila wiki bila kugusa kitu.

Mimi nasema ya kuwa mashine zile hazikustahili kuitwa maiti, kwa kuwa hakuna aliyezipima. Tena nasema ya kuwa amri iliyobandikwa mlangoni, isemayo MWANAFUNZI HARUHUSIWI KUFUNGUA KOMPYUTA, yafaa iondolewe na kuwekwa nyingine iliyo bora. Najua maneno haya ni makubwa kwa mvulana wa miaka 17. Najua pia ya kuwa katika wanafunzi wote mimi ndiye mwenye haki ndogo kabisa ya kuyasema, na sababu yake nitaieleza kabla sijamaliza.

Mwezi wa Machi mwalimu wetu wa kompyuta alituruhusu wanafunzi watatu, naye mwenyewe akiwapo, kuingia stoo siku ya Jumamosi baada ya usafi. Tuliichukua namba 9. Hadithi ya namba 9 ilijulikana na wote: ilizimika siku tano kabla ya mtihani wa nusu muhula, akaitwa fundi kutoka mjini, akaitazama kwa muda usiozidi kula andazi moja, akasema bao kuu limeungua, akalipwa nauli yake, akaenda zake. Bao kuu ndilo lile bao pana la kijani ambalo mafundi huliita mazabodi, na ambalo vitu vingine vyote huchomekwa juu yake. Likiungua kweli, mashine haina maana tena.

Mwalimu hakutuambia tufungue kitu. Alituambia tuiwashe kwanza, kisha tuandike tulichoona, tuache kuandika tulichodhani. Tukaandika: taa ya mbele imewaka, feni mbili zinazunguka, kioo ni cheusi, hakuna mlio. Mwenzangu mmoja akaandika, “Bao kuu limeungua.” Mwalimu akalifuta neno hilo kwa kalamu yake akamwuliza, “Hili umeliona kwa jicho lipi?”

Feni zikizunguka, basi umeme unaingia na kugawanywa, walau kwa sehemu. Kioo kikiwa cheusi, huenda kioo chenyewe ni kibovu, au waya wake. Tukakichukua kioo cha mashine nzima tukakichomeka pale, kikawa cheusi vilevile. Kosa basi halikuwa la kioo. Ndipo tulipochomoa plagi ukutani, tukabonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliosalia utoke, tukagusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini usiruke kwenye vijibao (wakati wa kiangazi huruka, na kijibao kidogo chaweza kufa kwa cheche usiyoisikia hata kidoleni), tukafungua skrubu mbili za ubavuni.

Ndani mlikuwa na vijibao viwili vya kumbukumbu, vile viitwavyo ramu. Tukaving'oa vyote viwili, tukaiwasha mashine bila ramu. Ikalia! Pii ndefu, tena, na tena. Watu wa kawaida wakisikia mlio ule huogopa, lakini sisi tulipiga makofi. Kompyuta iwashwapo hujikagua yenyewe kabla ya kuonyesha picha, na ikikosa jambo la lazima huita kwa sauti, kila kiwanda na lugha yake ya milio. Bao lililoungua haliwezi kulalamika ya kuwa halina ramu. Namba 9 ilikuwa hai, nayo ilituambia inachokitaka.

Tulikichukua kijibao kimoja, tukayasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, polepole, pande zote mbili, tukapangusa unga wa raba. Meno yale yalikuwa yameshika kutu nyembamba ya hewa na vumbi. Tukakirudisha mpaka vishikio vikalia kwa pande zote mbili, tukairudisha plagi, tukawasha. Picha ikaja. Kwa saa ya ukutani ilikuwa imepita dakika 40 tangu tuingie. Namba 9 ilikuwa imekaa stoo mwaka mmoja na miezi minne, ikingoja raba ambayo kila mvulana anayo katika mkebe wake.

Jumamosi zilizofuata tuliendelea. Namba 17 ilitiwa stoo kwa kosa la virusi. Watu walisema kila ukitaka kuingia katika mtandao inakataa na kuleta maonyo. Tulipoiwasha tuliona kosa kabla hata ya kufungua skrubu: saa yake ilisema mwaka ni 2009. Tovuti za siku hizi hujitambulisha kwa hati yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine iaminiyo ya kuwa ni 2009 huiona hati ile kuwa haijaanza kazi, huikataa. Na kwa nini saa irudi nyuma? Kwa sababu ndani, juu ya bao kuu, mna betri ya duara kama sarafu, ya aina ya CR2032, ambayo kazi yake ni kuitunza saa wakati umeme haupo. Inapaswa kuwa na volti 3. Tulipoipima kwa mita ya maabara ya fizikia haikufika hata 2. Betri mpya ilinunuliwa dukani kwa bei isiyozidi ya soda tatu. Virusi havikuwako hata kimoja.

Namba 6 ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, maana ilitulazimisha kutumia saa. Ilikuwa ikizimika yenyewe, na kila mtu ana dawa yake kwa mashine izimikayo: huyu asema umeme wa ukutani, huyu asema iwekwe programu upya. Sisi tukaiwasha tukangoja. Ikazimika baada ya dakika 11. Tukaiwasha papo hapo, ikazimika baada ya dakika 3. Tukaenda kula bwaloni, tukarudi, tukaiwasha tena: dakika 11. Ugonjwa unaopungua kwa kupumzika na kuzidi kwa haraka ni joto. Tulipofungua tulikuta chini ya feni, katikati ya mapezi ya kile chuma kiipozacho prosesa, vumbi jekundu la barabara yetu limeshindiliwa kama udongo wa kufinyangia. Tuliishika feni isizunguke, tukalipuliza vumbi kwa pampu ya mpira wa miguu, tukaondoa dawa nyeupe ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka, tukapaka nyingine. Sasa inafanya kazi prepo nzima.

Msidhani ya kuwa nasema kila kilicho stoo ni kizima. Namba 20 ilikuwa imekufa kweli, nasi tuliweza kuonyesha kwa kidole mahali ilipofia. Juu ya bao kuu husimama vikopo vidogo viitwavyo kapasita, na vichwa vyake vyapasa kuwa bapa. Vile vya namba 20 vilikuwa vimevimba kama kopo la nyama iliyooza, na viwili vimetoa maji ya kahawia. (Miaka ya mwanzo ya 2000 kapasita mbovu zilienea katika viwanda vingi, na kompyuta nyingi za siku hizo zilikufa kwa njia hiyo moja.) Namba 4 nayo diski yake kuu hulia ka-ka-ka kama mjusi kafiri ukutani. Diski iliayo hivyo haifai kuwashwawashwa. Kama ina kitu cha maana ndani hunakiliwa kwanza, basi. Tuliandika hivyo tukaiacha.

Hapa ndipo wasemapo wapinzani wangu, nami nimewasikia hata bwenini. Wasema wanafunzi wataiba ramu. Ni kweli, ramu ni ndogo kama rula na hutoshea mfukoni. Wasema umeme utaua mtu. Hilo ni kweli zaidi. Kile kisanduku cha chuma kilicho nyuma, kinachopokea umeme wa volti 230 na kuugawa kuwa volti 12 na 5 na 3.3, ndani yake huhifadhi umeme wa zaidi ya volti 300, nao hubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Mwanafunzi asikifungue kamwe, na mimi sitamtetea atakayekifungua. Kibadilishwe kizima, au kiachwe. Wasema tena ya kuwa tulikwisha kupewa uhuru zamani, tukaunguza mashine, ndiyo maana amri ikabandikwa.

Hilo la mwisho nalijua kuliko wao. Mashine iliyoungua ni namba 12, na niliyeiunguza ni mimi.

Nilikuwa Kidato cha Pili. Jioni ile umeme ulikuwa hafifu, taa za chumba zikiwa nyekundu kama makaa, na kompyuta zilikuwa zikijizima na kujiwasha. Nyuma ya namba 12 niliona swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 230, na upande wa pili 115. Nikawaza kama mtoto mwenye akili: umeme leo ni mdogo, basi mashine na iwekwe kwenye namba ndogo. Nikaisukuma kwa ncha ya kalamu. Dakika chache baadaye umeme ukarudi kwa nguvu zake. Pakatoka mlio kama wa fataki, na moshi wenye harufu ambayo nikiisikia hata leo tumbo langu husokota.

Swichi ile huwekwa kwa ajili ya nchi zitumiazo volti kama 115, mathalani Marekani. Ukiiweka 115 katika nchi yetu, kisanduku huuzidisha maradufu umeme ambao tayari ni mkubwa, nacho hupasuka. Kama ningaliuliza, mtu angalinieleza kwa sentensi moja. Sikuuliza. Na Mwalimu wa Zamu alipoingia akauliza ni nani, sikujibu. Kiranja wa darasa, aliyekuwa na ufunguo siku ile, alipewa kufyeka nyasi za uwanjani siku tano. Wiki iliyofuata amri ikabandikwa mlangoni.

Nimekwisha kumwambia mwalimu, na nimekwisha kumwambia kiranja yule, ambaye sasa tuko naye Kidato cha Nne. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema ananidai siku tano. Nimekwisha kulipa mbili. Wale walioniona nikifyeka peke yangu siku ya mechi sasa wanajua kwa nini.

Lakini nawaomba mlitazame jambo moja. Jioni ile sikufungua kompyuta. Sikugusa skrubu hata moja. Swichi ile iko nje, nyuma, mahali ambapo kila mwenye kidole huweza kuifikia, hata leo. Amri ya kutofungua isingenizuia, wala haitamzuia mtoto mwingine wa Kidato cha Pili aonaye namba mbili na kudhani anaelewa. Kilichoiunguza namba 12 ni kutojua, na amri ile imetulinda tusijue kwa miaka miwili.

Na sasa niwaambie yaliyoipata namba 12. Ilikuwa imekaa stoo tangu siku ile na karatasi yake nyekundu, nami kila nilipopita niligeuza uso. Mwezi wa Mei mwalimu alisema tuipime kama nyingine. Tukaiwasha: hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Umeme hauingii kabisa. Ilikuwa dhahiri kisanduku cha umeme kimekufa. Lakini je, kilikufa peke yake, au kiliua na vyote vilivyo ndani? Hilo haliwezi kujulikana kwa kutazama. Mwalimu akatazama huku na huku akaiona namba 20, ile yenye kapasita zilizovimba. Ni ya kiwanda kilekile na aina ileile. Bao lake limekufa lakini kisanduku chake kizima. Akachomoa plagi, akafungua skrubu nne, akakitoa kisanduku cha 20 kikiwa kimefungwa vilevile, akakitia katika namba 12, akahakikisha kwa macho ya watu wanne ya kuwa swichi nyekundu iko 230. Kisha akaniambia mimi nibonyeze kitufe.

Ikawaka. Diski ilikuwa nzima, na ndani yake zoezi la Kidato cha Pili lilikuwa bado lipo, jedwali la alama za mechi za mabweni, limeishia katikati.

Miaka miwili mashine ile ilihitaji kisanduku kimoja, na kisanduku hicho kilikuwa chumba kilekile, hatua mbili kutoka hapo, ndani ya mashine nyingine iliyobandikwa neno lilelile.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kwa Mkuu wa Shule, kwa heshima zote. Stoo ifunguliwe kila Jumamosi baada ya usafi, mwalimu akiwapo, na wanafunzi wasiozidi wanne kwa zamu. Plagi ichomolewe na mwalimu mwenyewe, naye akae nayo. Ramu zihesabiwe wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na mifuko ikaguliwe, wala asione haya mtu kukaguliwa. Swichi zote nyekundu zibandikwe utepe mgumu leo hii, bila kungoja majibu ya mambo mengine. Na neno IMEKUFA lisiandikwe tena juu ya mashine yoyote. Kiandikwe kilichoonekana, tarehe, na jina la aliyeona.

Hili la kuandika mwaweza kuliona dogo. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, mafundi wa kompyuta kubwa iitwayo Mark II walitafuta kosa mpaka wakamkuta nondo amenaswa ndani ya swichi mojawapo ya umeme. Mafundi walikuwa wakiyaita makosa ya mitambo “wadudu” tangu karne ya 19, na hapa wamempata mdudu wa kweli. Nondo yule hawakumtupa. Walimbandika kwa utepe katika daftari la mashine, wakaandika tarehe na saa, na daftari lile mpaka leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington. Mimi nilipojifundisha peke yangu bila daftari, niliwahi kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja katika kompyuta ya mjomba wangu, ikapona, nikasifiwa nyumbani. Baada ya wiki ikaugua tena, nami sikujua ni kipi kati ya vitatu kilichoiponya. Tangu siku hiyo hubadilisha kimoja, hutazama, huandika.

Sisi wa Kidato cha Nne tunafanya mtihani Novemba, kisha tunaondoka. Kwa hiyo siombi kwa faida yangu. Chumbani sasa zinafanya kazi kompyuta 17, na daftari tumelianzisha. Liko katika droo ya meza ya mwalimu, lenye jalada la kijani. Ukurasa wa kwanza ni wa namba 12, na sehemu ya sababu nimeijaza kwa mkono wangu pamoja na jina langu.

Stoo zimesalia tano ambazo hazijapimwa. Namba 14 iko karibu na mlango: taa yake huwaka, feni hujaribu kuzunguka mara moja kisha husimama. Jumamosi ijayo ni zamu yake, na tunahitaji wawili wa Kidato cha Pili. Waje na raba.